Alama Nyuma ya Mstari

Rekodi ya timu yetu ya taifa katika mashindano yale ni mstari mmoja tu. Nimeusoma kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: jina la nchi, kushiriki mara moja, mechi nne, ushindi sifuri. Nchi nyingine zina orodha ndefu mpaka kidole kinachoka kusogeza. Sisi tuna mstari mmoja, na tuliouandika ni watu wawili, mimi na kaka yangu, mtoto wa baba yangu mdogo.

Ni mashindano ya tenisi ya mchanganyiko. Kila nchi inapeleka mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Mwanamke anacheza na mwanamke mwenzake, mwanaume na mwanaume mwenzake, kisha wote wanne wanaingia uwanjani, wawili upande huu na wawili upande ule. Nchi inayoshinda mara mbili kati ya hizo tatu ndiyo imeshinda mechi. Ni mchezo mzuri kuutazama, maana watu wawili wanasimamia taifa zima na hakuna wa kujificha nyuma yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Kumbe wa kujificha nyuma yake alikuwepo, na nilijificha nyuma yake miaka kumi na saba.

Sasa hivi mimi ni mwalimu wa michezo kwenye sekondari moja hapa Mpanda. Nina goti moja bovu na mdomo mkali, wanafunzi wangu wote wanalijua hilo. Mtoto akidanganya kwamba mpira uliingia wakati ulitoka, namtoa nje aketi mpaka kipindi kiishe. Walimu wenzangu husema nawaonea. Hawajui ninayemtoa nje ni nani.

Tulijifunza tenisi kwenye uwanja wa nyuma ya misheni, uwanja wa udongo wa kichuguu. Asiyeufahamu udongo huo nitamweleza. Unachimbwa kwenye kichuguu kikubwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, kisha unashindiliwa kwa gogo mpaka unalala. Ukikauka unakuwa mgumu kama chungu kilichochomwa. Mpira unadunda vizuri juu yake, na ukidondoka unaacha alama, duara dogo lenye mkia, kuonyesha ulikotoka na ulikokwenda.

Aliyeutunza uwanja ule alikuwa bruda mmoja wa misheni, Mfipa mfupi mwenye hasira za karibu. Asubuhi na jioni aliunyunyizia maji, na tulicheza ukiwa bado na unyevu. Alikuwa na sheria moja tu. Kila alama inayoachwa na mpira, aliye karibu nayo aifute kwa mguu hapo hapo, kabla haijakauka. Alama ikikauka inakuwa kijishimo, kijishimo kinakuwa shimo, na kesho yake mpira unadunda upande. Aliyeacha alama alikwenda kisimani kuchota ndoo mbili. Mimi nilichota ndoo nyingi sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili sikuchota hata moja, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshajifunza kufuta bila kuniuliza.

Kaka yangu alikuwa amenizidi miaka miwili. Kwao ni Mpimbwe, ukishavuka Sitalike na kupita katikati ya hifadhi, na alikuja kukaa kwetu mjini ili asome. Alikuwa mrefu, mpole, mvivu wa kuongea. Mimi ndiye niliyekuwa nabishana na kila mtu, yeye ndiye aliyekuwa anaomba radhi na kunyamaza. Nikivunja sahani nyumbani, mama akiuliza ni nani, yeye alinyanyua mkono. Hakuwa anafanya hivyo kwa kunipenda tu. Alikuwa hapendi kelele, na aliona njia ya haraka ya kumaliza kelele ni mtu kukubali kosa.

Tulikua, tukacheza mikoani, tukaitwa Dar es Salaam kwenye mchujo wa taifa. Watu wa kule walitucheka kwa viatu vyetu na kwa namna tulivyokuwa tunafuta sakafu ya saruji kwa mguu kila mpira ukidondoka, wakati kwenye saruji hakuna alama yoyote ya kufuta. Tuliwafunga wote. Ndipo tukapelekwa kwenye mashindano, nchi jirani, viwanja vya udongo mwekundu uliosagwa ukawa unga.

Mechi tatu za kwanza tulipoteza bila ubishi. Waliotufunga walikuwa wazuri kuliko sisi, na sina kinyongo nao. Mechi ya nne ndiyo iliyobaki kwenye mwili wangu. Mimi nilipoteza yangu. Kaka akashinda yake, akicheza kwa upole ule ule kana kwamba anapalilia. Ikabaki ile ya watu wanne. Tukapata seti moja, wao wakapata moja, ikabidi tumalizie kwa mbio fupi ya pointi kumi, kwa tofauti ya pointi mbili. Tulifika tisa, wao wakiwa na nane. Pointi moja tu, na nchi yetu ingekuwa na ushindi wa kwanza.

Mwanamke wa upande wa pili aliupiga mpira juu, ukapita kichwani kwangu. Niligeuka nao. Niliuona ukianguka nyuma ya mstari, vidole viwili kamili, na kati ya mstari na alama udongo ulikuwa mtupu. Kaka alipaza sauti, "Nje!" Kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akipiga kelele. Alikuja akikimbia kunikumbatia.

Wale wenzetu hawakukubali. Walimwomba mwamuzi ashuke aje aitazame alama, na ni haki yao, kwenye udongo ndivyo inavyofanyika. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mnene, ameketi juu ya kiti kirefu chenye ngazi. Aligeuka, akatupa mgongo, akaanza kushuka taratibu, mguu mmoja mmoja.

Nilikuwa nimesimama juu ya alama. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku nilipojifungua. Mpira ulikuwa umeshadondoka, kazi ilikuwa imekwisha, na mguu wangu wa kushoto ukafanya kile ulichofundishwa na bruda. Ukafuta. Mara mbili, kwenda na kurudi, vizuri kabisa, kama mtu anayeogopa kuchota ndoo.

Mwamuzi alipofika chini na kugeuka, hapakuwa na alama.

"Nani amefuta?" aliuliza kwa Kiingereza. Mimi na kaka tulikuwa tumesimama bega kwa bega. Wapinzani walikuwa wakimwangalia mwamuzi akishuka, na kocha wetu alikuwa upande wa pili, amezibwa na kile kiti. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, nimejiuliza miaka yote hii na sijui. Kaka alinyanyua mkono.

Kwenye sheria za tenisi mchezaji anayefuta alama amekubali kwamba mpira uliingia. Hatukuwa tunajua. Kwetu kufuta kulikuwa ni heshima ya uwanja, hakukuwa na maana nyingine. Pointi ikawa yao, tisa kwa tisa. Pointi mbili zilizofuata nilizipeleka wavuni mwenyewe. Mechi nne, ushindi sifuri.

Kocha alimtukana kaka mbele ya watu mpaka wenyeji wakageuza nyuso. Kaka alisimama, mikono nyuma, akisikiliza. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi naangalia viatu vyangu. Ncha ya kiatu cha kushoto ilikuwa nyekundu na ile ya kulia ilikuwa safi. Yeyote ambaye angeniangalia miguu angejua. Hakuna aliyeangalia. Nilikiingiza kile kiatu chini ya benchi.

Sababu za kunyamaza zilibadilika kadiri muda ulivyokwenda. Siku ile nilimwogopa kocha. Wiki ile niliona haya kwamba nimemwogopa kocha. Tuliporudi nyumbani nilikuta habari imeshafika kabla yetu kwa redio, na kila mtu anaijua kwa namna moja, nikaona nimechelewa. Baada ya hapo kila mwezi uliopita ulifanya maneno yale yawe mazito zaidi, na mimi, mwenye mdomo mkali, nikawa sina mdomo.

Mimi nilipewa nafasi ya kusomea ualimu wa michezo, kwa sababu nilikuwa nimelitumikia taifa na kusalitiwa na mwenzangu, ndivyo walivyoona. Yeye hakuitwa tena. Mjini alipopita sokoni au stendi, vijana walisimama wakafuta ardhi kwa mguu, kwenda na kurudi, wakicheka. Hawakusema neno. Mguu tu. Mwaka mmoja alivumilia, kisha akarudi Mpimbwe kulima mpunga kwa wazazi wake. Raketi aliiacha kwetu, imetundikwa kwenye msumari, mpaka panya wakala nyuzi.

Kwenye ukoo wetu mtu akimkosea mwenzake jambo kubwa, familia yake humpelekea aliyekosewa chakula cha mavuno ya mwaka ule. Msimu wa mavuno uliofuata, mama mdogo, yaani mama yake kaka, alipanda lori akaja mpaka kwetu na gunia la mpunga. Lilikuwa limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, mishono midogo iliyokaa sawasawa. Nilimletea kiti. Alikikataa. Alikunja kitenge, akakaa chini, mtu mzima aliyenibeba mgongoni, akanipigia makofi ya heshima mimi niliyekuwa na miaka ishirini na mitano.

"Mwanangu," alisema, "kaka yako amekuharibia. Amekuharibia wewe na amewaharibia watu wote. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye nimekuja. Tunaomba radhi. Pokea."

"Mama mdogo, inuka bwana," nilisema. "Yameshapita hayo."

"Hayajapita. Pokea kwanza."

Nilipokea. Nilishika gunia kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na nikasema nimepokea. Nafikiri hapo ndipo nilipodanganya kwa kweli. Uwanjani nilinyamaza tu.

Nilidhani litakuwa gunia moja. Mwaka uliofuata alikuja tena, na mwaka uliofuata tena. Alipozeeka na safari kumshinda, alilituma kwa basi, na mimi nilikwenda kulichukua stendi. Nilikoboa mpunga ule mashineni, nikapika, nikala, nikawalisha watoto wangu. Wageni walisifu wali. Niliwaambia umetoka kwetu Mpimbwe. Kuna jioni tonge lilikataa kushuka, lakini nisiwe mnafiki, jioni nyingi lilishuka.

Na kaka nilikuwa naonana naye. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilinitesa. Kila tulipokutana aliuliza kitu kile kile.

"Mpunga wa mwaka huu ulikuwaje?"

"Mzuri, kaka."

"Ulipokoboa haukukatika? Haukuwa na chenga nyingi?"

"Hapana, ulitoka mzima."

Aliitika kwa kichwa, akaridhika. Nilidhani ni mazungumzo tu ya mkulima asiye na jingine la kusema.

Mara moja nilijikaza. Ilikuwa Sitalike, mchana, mimi natoka kwenye semina na yeye amekuja kununua kamba na viroba. Tuliketi kwenye benchi la mama anayeuza chai kando ya barabara, tukiwaangalia ngedere wakivizia ndizi zake.

"Kaka, mimi nataka nimwambie mama mdogo."

"Umwambie nini?"

"Kwamba ni mimi niliyefuta."

Alicheka kidogo, akapuliza chai. "Halafu? Mimi nitakuwa nimemdanganya mama miaka yote hii. Si ndiyo? Yule mama ameshalia, ameshanyamaza, ameshazoea. Unataka aanze upya?"

"Lakini wewe je?"

"Mimi nina nini? Nyie mlioenda shule mnapenda sana kusema mambo. Acha hivyo hivyo, mdogo wangu."

Alinilipia chai, akabeba viroba vyake, akaondoka. Na mimi nilifurahi. Niliingia kwenye basi kifua changu kikiwa chepesi, nikasinzia njia nzima mpaka Mpanda. Katika yote niliyofanya, usingizi ule ndio unaonitia uchungu zaidi.

Mwaka huu, Aprili ikielekea mwisho, alikufa. Presha ilimpanda akiwa shambani, maji yakiwa yanaanza kukauka kwenye majaruba. Walimkuta amekaa kwenye tuta, mgongo wima, kama mtu anayepumzika. Nilipigiwa simu nikiwa na wanafunzi uwanjani. Niliwaacha pale pale na mpira wao, sikumbuki kama niliwaambia kitu.

Nilipofika Mpimbwe nilikuta turubai limeshafungwa na kwaya ya kigango inaimba. Kwetu kabla ya kwenda makaburini husomwa historia ya marehemu: amezaliwa lini, amesoma wapi, amefanya nini, ameacha nani. Wazee wa familia walisema aandike mwalimu, na mwalimu ni mimi. Niliingia ndani kwa mama mdogo kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, amejifunga kitenge kichwani, mkavu wa machozi.

Alinitajia tarehe. Kisha alinishika mkono.

"Na ile habari ya mchezo uiandike. Usiifiche, watu wote wanaijua. Ila uandike kwamba tuliomba radhi, na wewe ulipokea. Aende hana deni."

Nilisema sawa. Nilikwenda kuketi kwenye meza karibu na ghala, nikaandika. Wanaonifahamu kwa ukali wangu watashangaa, lakini niliandika alivyotaka. Niliandika kwamba marehemu aliiwakilisha nchi kimataifa, kwamba katika mchezo wa mwisho aliteleza, kwamba familia iliomba radhi na radhi ikapokelewa. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa imepangika vizuri. Mimi ni mwalimu, najua kuandika.

Jua lilikuwa kali waliponiita. Nilisimama mbele ya watu, jeneza likiwa kushoto kwangu, mama mdogo kwenye kiti cha mbele. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, nikasoma shule. Nilifika kwenye tenisi. Kule nyuma, chini ya turubai, niliwaona wanaume wawili wakigusana kwa kiwiko, na mmoja wao akasogeza mguu kidogo kwenye vumbi. Kwenda na kurudi. Mazoea tu, sidhani kama alikusudia ubaya. Mtu amelala kwenye sanduku na mguu bado unafuta.

Hasira iliyonipanda haikuwa ya yule mwanaume. Niliikunja karatasi.

"Niliyefuta ile alama ni mimi," nilisema. "Mpira ulitoka nje, na mimi ndiye niliyefuta, kwa mguu huu. Marehemu hakufuta kitu. Alinyanyua mkono tu, kama alivyokuwa akininyanyulia tangu utoto. Nimeyajua haya miaka kumi na saba. Nimekula mpunga wa radhi ya kosa langu mwenyewe. Hakuwa na deni. Mwenye deni ni mimi."

Wifi yangu, mke wa kaka, aliinua kichwa akanitazama, na nikatambua kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa. Katekista alikohoa, akaniomba nimalizie. Nikamalizia: ameacha mama, mke na watoto watatu. Kwaya ikaanza wimbo. Mama mdogo alikuwa anaangalia mbele, kwenye jeneza, na hakugeuka.

Nilikaa matanga siku nne, nikasugua masufuria. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenisaidia. Siku ya kuondoka nilipiga magoti kwa mama mdogo kuaga. Aliitikia salamu, mkono hakunipa.

Wiki saba zilipita bila neno. Nilirudi darasani. Sikumtoa nje mtoto yeyote kwa kudanganya, nilikuwa sina nguvu hizo. Ikafika Juni, na nilijua kwamba mwaka huu hakuna gunia litakaloshuka kwenye basi. Nilishangaa kuona kwamba hilo lilinipa nafuu na lilinipa upweke. Ndipo simu ikaita, na sauti ya mama mdogo ikaja kwa mbali, mjukuu wake akiwa amempigia namba.

"Mpunga wako umeiva. Njoo uvune."

"Mpunga wangu, mama mdogo?"

"Njoo. Ndege wanaumaliza."

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Mama mdogo alikuwa ananisubiri na miundu miwili. Hakunikaribisha chai. Alitangulia, na mimi nyuma yake, tukapita mashamba yote yaliyokwisha vunwa mpaka mwisho kabisa, karibu na kijito, penye udongo mweusi wenye rutuba kuliko kote. Palikuwa na jaruba moja dogo, peke yake, mpunga umelala kwa uzito wa masuke.

"Hili ni lako," alisema.

Nilimwangalia.

"Mwaka ule wa kwanza nilimwambia, umemkosea dada yako, na mpunga wa kumpelekea hatuununui wala hatuchoti kwenye ghala letu. Utamlimia kwa mikono yako, kwenye sehemu nzuri, mpaka mimi nifumbe macho. Hakubisha. Kila mwaka alianza na hili ndipo aende kwenye mengine. Kulima yeye, kupandikiza yeye, kupalilia yeye. Kushona gunia yeye. Mkewe akitaka kumsaidia alikataa. Siku ile walimkuta kwenye tuta la jaruba hili."

Nilikumbuka mishono ile midogo iliyokaa sawasawa. Nilikumbuka swali lake la chenga. Kila mwaka mtu ananiuliza kuhusu kazi ya mikono yake, na mimi namjibu huku natafuta basi langu kwa macho. Niliinama kwenye tuta nikalia kwa sauti. Mama mdogo aliniacha nilie. Alipoona imetosha alinipa mundu.

Tulikata mpaka jua likapita utosini, yeye upande wake na mimi upande wangu. Nilikuwa naelekea katikati ya jaruba, nikikata na kulaza, kukata na kulaza, nilipoziona chini ya mabua. Zilikuwa alama za miguu mitupu. Alizikanyaga udongo ukiwa bado laini, maji yakitoka, na tangu hapo jua limezikausha zikawa ngumu, zimeshika kila kidole. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimejitenga na vingine, kama kilivyokuwa tangu alipokatwa na jembe utotoni. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tuta, zikaishia hapo.

Mguu wangu wa kushoto uliinuka. Sikuutuma. Ulikuwa umeshafika hewani, umeelekea kwenye alama iliyo karibu, kufanya kazi yake.

"Acha," alisema mama mdogo.

Sikujua kwamba alikuwa ananiangalia. Niliurudisha mguu pale ulipotoka. Alikuja akasimama kando yangu, akaziangalia alama zile muda mrefu, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anatokwa na machozi.

Nilikaa siku mbili. Tulipiga mpunga, tukapepeta, ukajaa gunia moja na debe juu. Mama mdogo alilishona mwenyewe. Mishono yake ilikuwa mikubwa, imekwenda upande, macho hayaoni tena vizuri. Alilisukuma mbele yangu.

"Siwezi kulichukua, mama mdogo," nilisema. "Kwa kosa gani sasa?"

"Alipanda akijua," alisema. "Miaka yote alipanda akijua. Asiyejua nilikuwa mimi. Beba."

Alinisaidia kulitwika. Njia fupi ya kwenda barabarani inakatiza katikati ya jaruba lile. Nilizunguka kwa juu, kupitia kwenye tuta, taratibu, kwa sababu gunia lilikuwa zito na sikutaka kukanyaga.